Bakhresa: Kutoka kuuza viazi hadi kurusha mechi ya Namungo, ilikuwaje?

Simba au Yanga ikishuka Ruangwa kucheza na Namungo, shabiki wa Chinongwe ana njia mbili tu. Kama ana nauli na kiingilio, anakwenda Uwanja wa Majaliwa. Kama hana, anakwenda banda umiza.

Ndani ya banda umiza, king'amuzi kilichowekwa juu ya runinga ni cha Azam. Soda aliyoshika jamaa wa pembeni huenda ni Azam Cola. Maandazi aliyokunywea chai asubuhi huenda yalikandwa kwa unga wa Azam. Na wiki inayofuata Namungo inaweza kusafiri kwenda Dar es Salaam kucheza na timu inayoitwa, ndiyo, Azam.

Nyuma ya jina hilo yuko mtu mmoja ambaye wengi wa hao mashabiki wakipishana naye barabarani wasingemtambua: Said Salim Awadh Bakhresa. Haongei sana na waandishi, hana mbwembwe za mitandaoni, na hata siku timu yake ilipotwaa ubingwa wa nchi si yeye aliyetamba mbele ya kamera.

Sasa imekuwaje mtu aliyeacha shule akiwa mdogo afike mahali ambapo unga, soda, boti, timu, uwanja na televisheni inayoonyesha ligi nzima vyote vimo ndani ya kundi lake la kampuni? Na je, ni jambo zuri kwa timu kama Namungo?

Alianza na sahani, siyo kiwanda

Bakhresa alizaliwa Zanzibar mwaka 1949. Shule aliiacha akiwa na umri wa miaka 14, akaingia kwenye biashara ya kuuza mchanganyiko wa viazi, yaani chakula cha mtaani cha sahani moja moja. Miaka ya 1970 akawa na mgahawa Dar es Salaam.

Hapo ndipo wengi hupaharakisha wanapoisimulia habari hii, wanaruka moja kwa moja hadi kwenye mabilioni. Lakini mgahawa ndio ufunguo wa kila kitu kilichofuata.

Mwenye mgahawa ananunua mkate kila siku. Ananunua unga. Anahitaji maji, juisi na kitu baridi cha kumpa mteja. Anajua bei ya kila kimoja kwa sababu inamtoka mfukoni asubuhi na mapema. Anajua pia kitu ambacho mwenye kiwanda mkubwa anaweza kukaa ofisini asikijue: mteja wa kawaida ana shilingi ngapi mkononi.

Ukitazama biashara za Bakhresa zilivyofuatana, utaona anarudi nyuma hatua kwa hatua kwenye mnyororo uleule. Mgahawa unataka mkate, basi akaoka mkate. Mkate unataka unga, basi akasaga ngano. Unga unataka kusafirishwa, basi akanunua malori. Baadaye vikaja aiskrimu, juisi, maji ya Uhai na soda. Vyote ni vitu vya bei ndogo, vinavyoisha leo na kununuliwa tena kesho.

Jina Azam linatokana na neno la Kiarabu lenye maana ya kubwa zaidi. Mtaani watu hawakuhitaji tafsiri. Walilijua kupitia baiskeli zenye maboksi ya barafu.

Leo kundi hilo linasaga nafaka katika nchi kadhaa za Afrika zikiwemo Uganda, Malawi, Msumbiji, Rwanda na Burundi. Boti za Azam Marine ndizo abiria wengi wa Dar na Zanzibar wanazopanda. Mkuranga, eneo la Mwandege, kuna kiwanda cha matunda kilichofunguliwa rasmi na Rais John Magufuli Oktoba 2016. Siku hiyohiyo Magufuli aliahidi kumpa ardhi ya kulima miwa, na kutoka hapo ukazaliwa mradi wa sukari wa Bagamoyo ambao ulianza uzalishaji mwaka 2022. Jarida la Forbes liliwahi kumweka kwenye orodha yake ya matajiri 40 wa Afrika.

Kwa nini ngano ya mbali na siyo korosho ya hapa?

Hili ni swali ambalo mtu wa Chinongwe ana haki ya kuliuliza. Ngano nyingi inayosagwa Tanzania inatoka nje, inakuja kwa meli. Korosho iko hapahapa, mlangoni. Kwa nini basi tajiri ametokea kwenye ngano, na korosho ya Ruangwa na Nachingwea inaendelea kupakiwa ghafi kwenda India na Vietnam?

Siyo kwamba hakuna aliyejaribu. Serikali ilijenga viwanda vya kubangua korosho ukanda wa kusini kwa fedha za mikopo, Nachingwea ikiwemo. Vingi vilisimama, vikauzwa kwa watu binafsi, na baadhi vikaishia kuwa maghala.

Sababu mojawapo ni ya kihesabu zaidi kuliko ya kisiasa. Korosho inavunwa kwa miezi michache. Mnada wa stakabadhi ghalani ukifunguliwa, mwenye kiwanda anatakiwa kununua ndani ya wiki chache mzigo wa kumtosha mwaka mzima, tena akishindana na mnunuzi wa nje mwenye mtaji mnene. Anakopa benki, riba inaanza kuhesabu siku hiyohiyo, na korosho iliyobanguliwa anaiuza kidogokidogo kwa mteja aliye ng'ambo.

Ngano ni mchezo mwingine kabisa. Meli inaweza kuja mwezi wowote, kinu kiko karibu na bandari, na mnunuzi wa unga yuko mtaa wa pili. Hela iliyotoka Jumatatu inaweza kuanza kurudi wiki hiyohiyo.

Ndiyo maana kauli ya "Bakhresa ameweza, kwa nini sisi tusiweze?" inahitaji kutazamwa vizuri. Ameweza kwenye bidhaa yenye mzunguko wa haraka, ndani ya jiji lenye bandari na mamilioni ya walaji. Ukimchukua kijana mwenye akili ileile ukamweka Ruangwa na gunia la korosho, hajapewa mtihani uleule.

Na wazee wa Nachingwea wana mfano wa upande wa pili, wa kuanza kwa ukubwa. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha mradi wa karanga, ikaleta matrekta, ikajenga bandari Mtwara na reli hadi huku. Mwaka 1951 mradi ulifutwa, hasara ikiwa zaidi ya pauni milioni 36 za wakati ule. Reli nayo baadaye ikang'olewa. Fedha ilikuwepo nyingi tu, lakini waliokuja nayo hawakuijua ardhi wala mvua ya hapa.

Timu ya wasaga unga

Tuje kwenye mpira, maana hapo ndipo wengi wanamjua.

Azam FC haikuanza kama mradi wa tajiri anayetaka jina. Mwaka 2004 wafanyakazi wa kiwanda cha unga cha Bakhresa walianzisha timu yao, ikiitwa Mzizima kabla ya kuchukua jina la Azam. Ilipanda ngazi za chini, na mwaka 2008 ikaingia Ligi Kuu.

Timu za kazini si jambo jipya Tanzania. Mtibwa Sugar na Kagera Sugar ni za viwanda vya sukari. Pamba ya Mwanza ilitokana na zao la pamba, Reli ya Morogoro na shirika la reli. Mtindo ulikuwa mmoja: mchezaji anapewa ajira, anacheza jioni, mshahara unatoka kwa mwajiri. Shirika likiyumba, timu inakufa nalo.

Azam iliondoka kwenye mtindo huo mapema. Badala ya kuzunguka na kukodi viwanja, ilijenga chake: Azam Complex, Chamazi, Mbagala, chenye uwezo wa kuingiza watu wapatao 10,000, taa za usiku, na mahali pa kulala wachezaji. Ikaanzisha akademi. Kwa klabu ya Tanzania wakati ule hilo lilikuwa jambo la kushangaza, hasa ukikumbuka kwamba Simba na Yanga, pamoja na umri wao na mashabiki wao wote, zilikuwa zinacheza mechi zao kwenye uwanja wa serikali.

Matunda yalikuja Aprili 2014. Azam iliifunga Mbeya City 2-1 pale Sokoine, Mbeya, ikawa bingwa. Kocha alikuwa Mcameroon Joseph Omog, mbele wakiwepo John Bocco na Kipre Tchetche wa Ivory Coast. Ligi iliisha bila Azam kupoteza hata mechi moja.

Uzito wa ubingwa ule unauona ukirudi nyuma. Tangu Mtibwa Sugar ichukue 1999 na 2000, hakuna timu nyingine nje ya Simba na Yanga iliyokuwa imebeba taji la ligi. Miaka zaidi ya kumi, wenyewe kwa wenyewe. Halafu wakaja "Wana Lambalamba", jina la utani linalotokana na aiskrimu, wakakata mnyororo.

Mwaka 2015 wakatwaa Kombe la Kagame bila kuruhusu bao hata moja, fainali wakiifunga Gor Mahia ya Kenya 2-0. Mwaka 2018 wakalichukua tena, safari hii mbele ya Simba. Na watu wa Lindi wana kumbukumbu yao binafsi: Juni 1, 2019, fainali ya Kombe la Shirikisho ilichezwa Uwanja wa Ilulu, Azam ikaifunga Lipuli 1-0. Kombe liliinuliwa hapo hapo Lindi mjini.

Hela ipo, kwa nini ubingwa ni mmoja tu?

Tangu 2014 Azam haijachukua tena Ligi Kuu. Kwa timu yenye uwanja wake, basi zuri na mishahara inayofika kwa wakati, hili linawashangaza wengi, na linafaa kuwashangaza.

Jibu la kwanza liko mwaka 2017. Katika dirisha moja la usajili, Azam iliondokewa na John Bocco, Aishi Manula, Shomari Kapombe na Erasto Nyoni. Wote wanne walikwenda Simba. Simba ikachukua ubingwa mara nne mfululizo, kuanzia msimu wa 2017/18 hadi 2020/21. Kwa maneno mengine, Azam ililea kikosi, mwingine akala matunda.

Mwaka huohuo wa 2017, Mohammed Dewji alishinda zabuni ya uwekezaji Simba kwa ahadi ya Sh20 bilioni kwa asilimia 49 ya hisa. Yanga nayo baadaye ikapata nguvu ya GSM. Yaani ile faida ya kuwa na tajiri nyuma yake ikapungua. Waliokuja hawakuanzisha timu, waliingia kwenye timu zenye mamilioni ya watu tayari.

Hapo ndipo jibu la pili lilipo, na ndilo gumu zaidi. Unaweza kununua nyasi, taa na kocha. Shabiki hanunuliki. Nenda Chinongwe, uliza watu kumi ni wa timu gani. Watakwambia Simba, Yanga, na siku hizi Namungo. Anayesema Azam mara nyingi anaitaja kama timu ya pili, ile unayoipenda kwa sababu inaweza kumfunga mtani wako.

Simba na Yanga zina karibu karne moja kila moja. Watu wamerithi ushabiki kwa baba na kwa mjomba. Bakhresa aliweza kumshawishi Mtanzania abadilishe unga na soda, lakini rangi ya jezi ni suala jingine kabisa.

Hata hivyo timu haijalala. Mwaka 2023 ilimchukua Feisal Salum, "Fei Toto", baada ya ule mgogoro wake mrefu na Yanga. Msimu wa 2023/24 ilimaliza ya pili na kwenda Ligi ya Mabingwa Afrika, ambako APR ya Rwanda iliitoa mapema. Mwaka 2025 ikamleta kocha Florent Ibenge, na kwa mara ya kwanza katika historia yake ikaingia hatua ya makundi ya mashindano ya Afrika, Kombe la Shirikisho.

Kwenye hili Namungo ina haki ya kutabasamu kidogo. "Wauaji wa Kusini" walifika makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika msimu wa 2020/21, miaka kadhaa kabla ya matajiri wa Chamazi. Waliipata nafasi ile baada ya kufika fainali ya kombe la ndani mwaka 2020 pale Sumbawanga, wakafungwa na Simba 2-1. Ilikuwa mara yao ya kwanza kucheza Ligi Kuu. Makundi yenyewe hayakuwa mepesi, maana walipangwa na Raja Casablanca, Pyramids na Nkana, lakini walifika.

Alipoamua kumiliki kamera

Azam TV ilianza kurusha matangazo mwishoni mwa 2013. Hatua hii inaonekana ya ajabu kwa mtu wa unga, lakini ukifuata ile tabia ya mwenye mgahawa inaeleweka. Ana timu. Timu inacheza ligi. Ligi inatakiwa kuonekana. Basi anatengeneza njia ya kuionyesha, na king'amuzi kinakuwa bidhaa nyingine ya kila mwezi, kama mkate ulivyo wa kila siku.

Mei 2021 Azam Media na Shirikisho la Soka Tanzania (TFF) walisaini mkataba wa haki za matangazo ya Ligi Kuu wenye thamani ya Sh225.6 bilioni kwa miaka 10. Ukigawanya kijuujuu ni kama Sh22.5 bilioni kwa mwaka.

Kwa Simba na Yanga, fedha hiyo ni nyongeza nzuri. Kwa timu ya wilayani ni suala la kuishi. Hebu fikiria safari za Namungo: kutoka Ruangwa hadi Dar, Mwanza, Bukoba, Mbeya. Mafuta ya basi, hoteli, posho, kocha, daktari. Viingilio vya mji mdogo haviwezi kubeba hayo yote, isipokuwa labda siku wakubwa wanapokuja. Majirani wa Mtwara wanalijua hili vizuri. Ndanda FC ilipanda Ligi Kuu 2014, ikahangaika na ukata, ikashuka 2020, kabla mkataba huo mnono haujasainiwa.

Sasa upande unaouma. Kampuni inayolipa ligi na kuamua kamera zielekee wapi iko kundi moja na klabu inayoshindana kwenye ligi hiyohiyo. Mashabiki wa timu nyingine hulisema hili kila marudio ya penalti yenye utata yanapochelewa kuonyeshwa. Kwamba Azam FC imechukua ubingwa mara moja tu, na hakuna hata mmoja tangu mkataba wa 2021, ni hoja nzito ya kuwajibu wanaodai kuna upendeleo. Lakini hiyo haifuti swali la msingi. Mgongano wa maslahi haupimwi kwa kuangalia nani ameshinda. Unapimwa kwa kuangalia kama kuna ukuta kati ya anayelipa na anayecheza, na nani anaulinda ukuta huo. Kazi hiyo ni ya TFF na Bodi ya Ligi, siyo ya Bakhresa.

Kuna jambo la pili ambalo huzungumzwa kidogo kuliko linavyostahili. Yusuf Manji alipojiuzulu uenyekiti wa Yanga mwaka 2017, klabu kongwe kama ile iliyumba hadi ikapitisha bakuli kwa wanachama. Yanga iliokolewa na watu wake. Namungo haina wanachama wa kiasi hicho. Na Azam FC yenyewe, siku kundi la Bakhresa likiona aiskrimu inalipa kuliko mpira, itapitisha bakuli kwa nani?

Kinachoipa Azam unafuu ni kwamba si mfuko wa mtu mmoja aliyesimama peke yake. Wanawe tayari wako ndani ya uendeshaji wa kampuni, uwanja ni mali inayotumika (Yanga imewahi kuufanya wa nyumbani), na akademi inatoa wachezaji wanaoweza kuuzwa. Timu za wilayani hazina hata kimoja kati ya hivyo. Namungo inacheza Majaliwa, uwanja uliobeba jina la Kassim Majaliwa, aliyekuwa Waziri Mkuu kuanzia 2015 hadi 2025 na mbunge wa Ruangwa kuanzia 2010 hadi 2025. Wakati wote wa kupanda kwake timu hiyo ilikuwa na mtu mzito wa kuitazama. Mbunge hubadilika, na mkataba wa televisheni nao una tarehe ya kwisha: 2031.

Kwa sasa ratiba inaendelea. Azam FC ikipangwa kwenda Ruangwa, gari la matangazo la Azam hutangulia, vijana wanavuta nyaya, kamera zinapandishwa. Mashabiki wa Namungo wanajaa kuizomea timu ya mwenye kamera hizo, na walioshindwa kufika wanakaa banda umiza Chinongwe wakiangalia kila kitu kupitia king'amuzi chake. Mapumziko wanatoka nje kununua kitu baridi.